UZI: Kujifunza Kijapani kwa kusoma hadithi za watoto, anza na zile ambazo mkasa wake tayari unaujua

mkwezi_wa_pwani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naona watu wengi wanauliza Kijapani kinaanzwaje na majibu ni yaleyale, pakua programu hii, kariri kanji hizi (zile herufi zenye asili ya Kichina), angalia katuni. Sina ugomvi na hayo, ila kuna njia moja siioni ikiongelewa kwa Kiswahili na mimi imenibeba sana, nayo ni kusoma hadithi za watoto, zile ngano wanazoziita mukashibanashi na vitabu vya picha wanavyoviita ehon. Naandika kirefu, vumilieni.

Kwanza hili liwekwe wazi maana ndo linawaangusha wengi. Hadithi ya mtoto sio rahisi eti kwa sababu ni ya mtoto. Mtoto wa Kijapani wa miaka 5 anayesomewa Momotarō tayari ana maneno maelfu kichwani, sarufi ya kuongea anayo, anachokosa ni kusoma tu. Wewe uko kinyume, hiragana (herufi zao za silabi zinazofunzwa mwanzo) unaisoma lakini ukishalisoma neno hulijui. Ndo maana mtu anafungua kitabu cha watoto akiwa na furaha kabisa, mstari wa pili anakutana na shibakari, kitabu chake cha darasani hakina, anafunga anasema nimedanganywa. Dawa yake ni kuchagua hadithi ambayo mkasa unaujua toka mwanzo hadi mwisho. Ukishajua kitakachotokea huhangaiki tena na nini kimetokea, unabaki na kazi moja tu, wamelisemaje.

Tuchukue Momotarō, yule mtoto aliyezaliwa ndani ya pichi. Inaanza hivi karibu kila kitabu:

むかしむかし、あるところに、おじいさんとおばあさんがいました。おじいさんは山へしばかりに、おばあさんは川へせんたくに行きました。

Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita. Ojiisan wa yama e shibakari ni, obaasan wa kawa e sentaku ni ikimashita.

Yaani hapo zamani za kale, mahali fulani, palikuwa na babu na bibi. Babu akaenda mlimani kukata kuni, bibi akaenda mtoni kufua. Basi. Hiyo mistari miwili ina darasa zima ndani yake. Lile suala la wa na ga, vijineno vinavyokaa baada ya jina, linalosumbua watu miaka na miaka limekaa hapo wazi, wazee wanapoingia mara ya kwanza wamepewa ga maana msikilizaji hajawajua bado, sentensi ya pili wamepewa wa maana sasa tunawajua na tunataka kusikia habari zao. Na sisi tunafanya hivohivo, "palikuwa na mzee mmoja", alafu "yule mzee akasema", hakuna anayeanza hadithi na "yule mzee". Alafu angalia yama e shibakari ni ikimashita, kwenda mahali kufanya jambo. Toa mlima weka duka, toa kuni weka manunuzi, mise e kaimono ni ikimasu, tayari unaongea Kijapani cha leo.

Kuna jambo lingine mtu wa Kiswahili analipata haraka. Bibi anaona pichi linakuja na maji donburako donburako, momo wo hirotte, ie e motte kaerimashita, akaliokota akarudi nalo nyumbani. Hizo te za mwisho wa kitenzi (hirotte, motte) ndo ka yetu ya masimulizi. Tofauti ni kwamba sisi wakati tunauweka mbele, "alikwenda mtoni", alafu vitenzi vingine vinafuata na ka, akaona, akaokota, akarudi. Wao vitenzi vyote vinasubiri cha mwisho ndo kiseme ilikuwa lini. Ukishalishika hilo sentensi ndefu zinaacha kukutisha.

Na marudio sasa. Momotarō akiwa njiani kwenda Onigashima kupigana na mazimwi anakutana na mbwa, kisha nyani, kisha kiji (ndege wa jamii ya kwale, mkia mrefu), na kila mmoja anauliza maswali yaleyale, unaenda wapi, umebeba nini kiunoni, nipe kimoja. Hitotsu kudasai. Hiyo ndo sentensi unayoitumia dukani kila siku. Mpaka kiji anafika umeshaisoma mara tatu na hukukaa chini kukariri chochote.

Nitaendelea, kwanza nione kama kuna wenzangu humu.

fundi_wa_zamu

Mkuu heshima kwako ila mimi napinga kidogo. Mimi nipo kiwandani huku Aichi, kuna mtu kabla hajaja alisoma sana hizo ngano, akafika hapa anajua zimwi linaitwaje lakini mkubwa wa zamu akipiga kelele abunai, yaani hatari, hajui kukimbilia wapi. Tunahitaji maneno ya kazi. Kukata kuni na kufua mtoni nani anafanya leo?

mkwezi_wa_pwani

Kaka upo sahihi kwamba hadithi haziwezi kuwa chakula chote, maneno ya usalama kazini yanatakiwa yajulikane kabla hujapanda ndege na hilo sibishani. Ila sentaku haijafa, mashine ya kufulia ni sentakuki, utaiona kwenye kila nyumba ya kupanga.

Na nikuoneshe kitu. Ngano nyingi za Japani zinaendeshwa na katazo. Urashima Tarō anamwokoa kasa, anapelekwa Ryūgū-jō, jumba la chini ya bahari, anaishi na binti mfalme Otohime, akitaka kurudi kwao anapewa kisanduku, tamatebako, anaambiwa usikifungue kabisa. Akete wa ikemasen. Anakifungua, moshi unatoka, anageuka mzee palepale. Tsuru no ongaeshi nayo, yule korongo aliyegeuka binti akawa anafuma kitambaa kulipa wema, sharti lake moja tu, msichungulie nikiwa nafuma. Nozokanaide kudasai. Sasa nenda hapo kwenu ukutani, sawaranaide kudasai, usiguse, umbo ni lilelile. Ukiwa umemhurumia Urashima unalikumbuka hilo umbo bila shida, maana uliona katazo lilivyovunjwa na kilichompata. Kile ambacho hadithi hazitakupa ni yale mabango ya kanji tupu kama 立入禁止, marufuku kuingia, hayo kajifunze kwa macho kwenye picha zake.

bi_ubani

Jamani huu uzi umenigusa. Mimi nipo Japani na familia, mwanangu yupo hoikuen (shule ya chekechea), na vitabu anavyorudi navyo ndo vimenifungua mimi mama yake, tunasoma wote jioni. Niongezee mawili kwa wanaoanza.

La kwanza vitabu vya wadogo vinaandikwa hiragana tupu na maneno yanaachanishwa kwa nafasi, jambo ambalo Kijapani cha kawaida hakifanyi. Nafasi zinasaidia sana, lakini kukosekana kwa kanji kunachanganya mtu mzima. Mfano Issun-bōshi, yule kijana mdogo saizi ya kidole, anasafiri mtoni kwenye bakuli na kasia lake ni hashi. Ukiona はし na hapohapo kuna mto utadhani ni daraja, kumbe ni kijiti cha kulia chakula! Kwa kanji ni 橋 na 箸, huwezi kuchanganya. Kwa hiyo angalieni picha, picha kwenye ehon ni nusu ya maandishi.

La pili zile sauti, jamani msiziruke. Wengi wanaona donburako sijui nini ni mambo ya watoto. Wajapani watu wazima wanaongea nazo kila siku na sisi ni walewale, mtu analala fofofo, kitu kinatumbukia chubwi, nyumba kimya jii. Huyo huyo Issun-bōshi zimwi likimmeza anatoa upanga wake wa sindano anachoma tumboni chikuchiku, zimwi linalia linamtema. Mwanangu alipougua tumbo daktari akauliza ni chikuchiku au zukizuki, chikuchiku ni kuchomachoma na zukizuki ni maumivu yanayopigapiga, na mimi nikaelewa hapohapo. Kitabu changu cha sarufi kilikuwa hakina hata moja.

Na maktaba wapendwa! Maktaba za serikali za mitaa zina sehemu ya watoto, kadi ni bure kwa mkazi, na nyingi zina siku za kusomea watoto kwa sauti, ohanashikai. Kaeni na mtoto msikilize. Kama hauna mtoto waulize kwa heshima kama unaweza kukaa nyuma, huku kwetu wamekuwa wakarimu sana.

mkwezi_wa_pwani

Dada Bi Ubani shukrani, hilo la chikuchiku ni dhahabu. Aliye Tokyo afike Ueno kuna maktaba ya kimataifa ya fasihi ya watoto, tawi la maktaba ya bunge lao, imefunguliwa 2000. Haiazimishi vitabu, unasomea humohumo, lakini utashinda siku nzima.

kanji_za_nairobi

Habari zenu. Mimi niko Nairobi najitayarisha kwa JLPT N4, ule mtihani wa Kijapani kwa wageni. Hii uzi nimeipenda lakini kitu inanisumbua ni moja, mwalimu wetu husema wazee wa kwenye hadithi wanaongea vibaya, washi wa, nan ja, vitu kama hizo. Si nitajikuta naongea kama babu? Na mtihani hauulizi mambo ya mazimwi.

mkwezi_wa_pwani

Swali zuri ndugu yangu. Ni kweli wahusika wana lugha zao, babu anasema washi na ja, jitu linajivuna na ore-sama, binti mfalme anajiita watakushi, na wataalamu wa lugha wana jina lake kabisa, yakuwarigo, lugha ya uhusika. Hizo zisome uzielewe, kwenye kinywa chako zisiingie. Lakini angalia sauti ya msimulizi. Msimulizi wa kitabu cha watoto karibu wakati wote anatumia imashita, ikimashita, iimashita, lugha ya heshima ya kawaida, ileile ya darasani kwako. Ndani ya alama za maneno ya mhusika 「 」 unapata lugha ya mtaani ya watu wanaozoeana. Kwa hiyo ukurasa mmoja una zote mbili na mpaka wake umechorwa. Katuni za magazeti huko ni mazungumzo matupu, ndo maana anayejifunza kwa katuni pekee anakuja kumsemesha mkuu wa idara kama anaongea na mdogo wake.

Kuhusu mtihani, sehemu ya kusoma N4 inataka pia matangazo na ujumbe mfupi, hadithi hazitakupa hayo, fanya mitihani ya nyuma. Ila te, nara, tara, reba (hizo tatu ni za masharti, kama -ki- na -nge- zetu), kutendwa na kutendeshwa, vyote vimejaa humu. Na kuhesabu! Sanbiki no kobuta, nguruwe watoto watatu, shichihiki no koyagi, mbuzi watoto saba. Hiki, biki, piki ni za wanyama wadogo, watu ni hitori futari sannin, vitabu ni satsu. Wageni wengine wanalalamika eti kwa nini kila kitu kina namba yake. Sisi tumekulia watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu, mayai matatu. Ngeli tunayo kwenye damu, usiogope.

dogo_wa_mwanza

Mkuu umesema tuchague hadithi tunazozijua, sasa sisi tunazijua zipi za Kijapani? Mi huyo Momotaro ndo kwanza namsikia leo

mkwezi_wa_pwani

Dogo hapa ndo nilikuwa nataka tufike, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Unaijua hadithi ya kima na papa? Kima yupo juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki, siku moja papa anambeba mgongoni amtembeze kwao, katikati ya bahari anamwambia ukweli, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, ungesema mapema, sisi makima tukitembea mioyo yetu tunaiacha mitini, nirudishe nikauchukue. Akifika pwani anaruka juu na kuwaaga. Hiyo imo kwenye ngano za Zanzibar alizokusanya Edward Steere na kuzichapisha 1870, ndani ya ile ya punda wa dobi.

Sasa Wajapani wanayo. Wanaiita Kurage honenashi, yaani kurage asiye na mifupa, kurage ni yule kiumbe wa baharini laini anayewasha, wengine huita yavuyavu wengine konyeza. Mfalme wa bahari ana mgonjwa, dawa ni ini la nyani, anatumwa kasa, kasa anambeba nyani, huku kurage anaropoka siri, nyani anasema ini langu nimelianika mtini. Wanarudi, nyani anapanda zake. Kurage anapigwa kwa kuropoka mpaka mifupa inaisha, ndo maana leo hana. Mzizi wa zote mbili ni India. Huko imo kwenye Jataka za Wabudha na kwenye Panchatantra, Panchatantra ikatafsiriwa ikawa Kalila na Dimna kwa Kiarabu, na kwa upande wa mashariki ikasafiri na dini ya Budha kupitia China mpaka Japani, imeandikwa kwenye Konjaku monogatari, mkusanyo wa karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo mtoto wa Unguja na mtoto wa Kyoto wote wamelala na hadithi moja bila kujuana. Ukiifungua hiyo kwa Kijapani wewe sio mgeni hata kidogo.

Nyingine sungura na kobe, Usagi to kame, kila Mjapani anaijua. Hizo za Esopo zipo kule zamani sana, wamisionari Wajesuti walizichapa Amakusa mwaka 1593 kwa Kijapani lakini kwa herufi za Kilatini, na walizitumia kujifunzia lugha. Yaani njia hii ina zaidi ya miaka 400, mimi sijabuni chochote.

msomaji_wa_treni

Nimefurahi sana kuikuta hii. Kwa wale waliopita ngazi ya mwanzo niwape njia ya kupanda. Ukimaliza ehon nenda kwenye vitabu vya darasa la kwanza na la pili, huko kanji zinaanza na juu yake kuna furigana, hiragana ndogo zinazoonesha matamshi. Shule ya msingi yote ina kanji 1,026, la kwanza 80 tu na la pili 160, kwa hiyo unapanda na watoto. Kisha Niimi Nankichi. Aliishi maisha mafupi, 1913 mpaka 1943, na Gon-gitsune yake ya 1932 watoto wa darasa la nne wanaisoma shuleni. Mbweha mtundu anamwibia mtu samaki wake, yule mkunga mrefu kama nyoka, mama wa yule mtu anafariki, mbweha anajutia, anaanza kumpelekea njugu za msituni kimyakimya, na yule mtu hajui nani analeta. Sisemi inavyoisha. Mimi niliisoma ndani ya treni nikashindwa kujizuia machozi, na ndo siku niliyojua Kijapani kimeingia, maana huwezi kulia kwa lugha usiyoielewa.

Inapatikana bure Aozora Bunko, maktaba ya intaneti toka 1997 ya vitabu vilivyoisha hakimiliki. Chagua zilizoandikwa 新字新仮名, maandishi mapya, la sivyo utakutana na tahajia ya zamani itakuchosha bure. Na humo matoleo ya zamani ya ngano utakuta babu na bibi "ga arimashita" badala ya "ga imashita", usishangae, ni matumizi ya kale.

fundi_wa_zamu

Sawa nimewasikia, hilo la naidekudasai limenishika maana kweli ukuta wetu umejaa. Nitajaribu hiyo ya kasa.

dogo_wa_mwanza

Mi hiragana naijua yote katakana (zile herufi za maneno ya kigeni) bado, naweza kuanza? Au nisubiri

mkwezi_wa_pwani

Anza leo dogo. Ngano za kale katakana ni chache. Utaratibu ni huu, soma ukurasa kwa sauti mara ya kwanza bila kamusi, mara ya pili tafuta maneno yale tu yanayojirudia, mara ya tatu msikilize mtu akisoma, sauti za mukashibanashi zipo tele onlaini, na ufuatishe kwa kidole. Neno lililotokea mara moja liache lipite.

Nakuandikia mwanzo wa ile ya nyani kwa maneno yangu, ujaribu hapahapa:

うみの そこに りゅうおうが いました。りゅうおうの むすめが びょうきに なりました。いしゃは「さるの きもを たべれば、なおります」と いいました。

Ryūō ni mfalme wa bahari, kimo ni ini, naoru ni kupona.

dogo_wa_mwanza

Najaribu. Chini ya bahari palikuwa na mfalme. Binti wa mfalme akaugua. Daktari akasema akila ini la nyani atapona.

Ila mkuu swali, daktari ndo anatajwa mara ya kwanza, si ulisema wa kwanza anapewa ga? Mbona hapo ni isha wa?

bi_ubani

Dogo uko vizuri wewe!

mkwezi_wa_pwani

Nimeweka makusudi nione nani ataliona. Mgonjwa akishatajwa kwenye jumba la mfalme, daktari tayari anategemewa, hali yenyewe imemleta, kwa hiyo msikilizaji hashtuki akipewa wa. Angalia ulivyotafsiri mwenyewe, mfalme umesema palikuwa na mfalme, daktari hukusema palikuwa na daktari, umesema tu daktari akasema. Ukitaka kumwingiza kama mtu mpya ungesema isha ga kite, daktari akaja, kisha akasema.

Endelea na hii, kuna te moja ndani:

かめは さるを せなかに のせて、うみを およぎました。

dogo_wa_mwanza

Kasa akampandisha nyani mgongoni akaogelea baharini. Te ni nosete. Weka nyingine mkuu